Breki ya Gaspari

Jumatatu, 4 Juni 1984

Gurudumu la nyuma bado linakwaruza. Nimepiga msasa kitovu chake tangu asubuhi mpaka vidole vimekufa ganzi. Mbao ya mshambya ni ngumu, ndiyo maana nimeichagua. Grisi hakuna karakana nzima. Gaspari, mwenzangu wa gari hili, kaleta samli ya mama yake kwenye jani la mgomba, tukapaka hiyo. Sasa gari linanuka kama jiko la harusi. Lakini linazunguka.

Gari nasema mimi. Wengine wanasema baiskeli ya mbao. Magurudumu mawili, ubao mrefu katikati, usukani mfano wa pembe za ng'ombe. Dereva anapiga goti moja juu ya ubao, mzigo umelala mbele na nyuma yake. Pedali hakuna, injini hakuna. Mlima ukipanda, unasukuma. Ukishuka, una kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga kwa kisigino, kinabana. Hiyo ndiyo breki.

Siku arobaini zimebaki kabla ya shindano.

Alhamisi, 7 Juni

Bwana Spana leo kasoma masharti mbele ya wote. Ndiye mhandisi mgeni anayeongoza karakana hii ya misheni, na jina tumempa sisi kwa sababu hutembea na spana ndani ya soksi. Malori mawili ya misheni yamekaa juu ya mawe, hayana matairi. Dizeli haijafika tangu masika. Ndizi zinaivia shambani, kahawa imelala ghalani. Kwa hiyo anataka gari la mbao, na kila watu wawili watengeneze la kwao.

Masharti ni haya. Kutoka ghala la kahawa lililo juu kwenye barabara ya Nyabiyonza, kuteremka na mikungu ya ndizi hadi hapa karakana, Nyakahanga. Kupanda tena gari likiwa tupu. Kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama. Madereva wawili wapokezane. Atakayeshusha mikungu mingi ameshinda, ila gari lake liwe bado linatembea jua likizama. Likifa njiani, kazi yote bure.

Mbunifu wa gari litakaloshinda atakwenda kusoma kwao Bwana Spana miaka miwili. Nafasi ni moja. Kasema mara mbili: mbunifu.

Naitaka nafasi hiyo kuliko ninavyoutaka uzima wa milele. Na baba yangu ni mwinjilisti.

Jumanne, 12 Juni

Nimesoma tena gazeti la mashindano ya magari, lile aliloniazima Bwana Spana. Si kusoma, kutazama picha, maana lugha yake siijui. Magari mapana, bapa, yamelala chini kama kenge. Yanakimbia saa ishirini na nne bila kulala, madereva wakipokezana. Hayatengenezwi ya kuuza. Ni ya kujaribia, moja moja, ili wajue gari la kesho litakuwaje.

Bwana Spana alinieleza jambo ambalo halinitoki kichwani. Siku hizi waendeshaji wale wanapewa mafuta kwa kipimo. Yakikwisha, yamekwisha. Kwa hiyo mwenye injini kubwa si lazima ashinde. Anashinda mwenye gari jepesi lisilosimama hovyo. Akasema huko ndiko mashindano yote yanakoelekea.

Wao wanapewa kidogo. Sisi tunapewa sifuri. Basi tumewatangulia. Nilimwambia hivyo, akacheka mpaka akafuta miwani.

Katika gazeti kuna picha ya pedali iliyotobolewa matundu ili ipungue uzito. Pedali tu. Watu wale hawana mzaha.

Jumapili, 17 Juni

Ibada. Baba kahubiri juu ya waliochanganya Injili na mambo ya kale. Niliinamisha kichwa kama watu wengine.

Niandike hapa, maana mahali pengine siwezi. Mwaka 1978, watu walipokuwa wanasikilizia vita na kufunga mizigo, mimi na Gaspari tulikula omukago, udugu wa damu. Tulikuwa na miaka kumi na tisa. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Yeye alichanja chini ya kitovu chake, akapaka punje moja damu, nikaila. Mimi nikachanja, nikampa ya pili. Kwao Rwanda walikotoka wazazi wake mambo haya yapo pia, wanafanya kwa namna yao. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, wote wawili tulijua tungefukuzwa nyumbani.

Sheria yake ni fupi. Ndugu wa omukago akikuomba jambo, humkatalii. Wala humtaji mbele ya watu kwa ubaya. Ukivunja, tumbo linavimba mpaka ufe.

Tulikubaliana kwamba tukiombana tutaitana munywani. Watu hapa humwita hivyo rafiki yeyote, hata wa kwenye pombe ya rubisi. Sisi tumelitunza. Miaka sita, hakuna aliyelitamka. Ni Gaspari na mimi, basi.

Siamini habari ya tumbo. Naandika tu.

Jumamosi, 23 Juni

Jaribio la kwanza na mzigo kamili. Gaspari kashuka mteremko mzima akiimba. Mimi nikishuka ule mteremko nakojoa kidogo, huo ndio ukweli. Yeye anaegemea kona kabla kona haijafika. Gari linamsikiliza.

Inaniuma. Ni kibarua wa kuchuma kahawa za watu, hajui kusoma rula, na gari langu linamtii kuliko linavyonitii mimi.

Halafu Bwana Spana akainama, akashika ule mhimili wa usukani, unaozunguka ndani ya tundu bila hata msumari mmoja. Akauliza nani kaubuni. Gaspari alikuwa hatua tatu kutoka pale, anafungua kamba za mikungu.

Ule mhimili ni wa baba yake Gaspari. Kwao wanaliita gari hilo igicugutu, walikuwa nalo kabla sijazaliwa. Mzee aliuchora kwa kijiti kwenye vumbi la uani kwao, mwezi wa pili, mimi nikachuchumaa natazama.

Nikasema ni wangu.

Gaspari kaendelea kufungua kamba. Hakuinua hata kichwa. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 28 Juni

Tumegombana. Nimepima gari lote, kipande kwa kipande, kwenye mizani ya ghala. Breki, pamoja na mkono wake na tairi lake, inapunguza mkungu mmoja kila safari. Mkungu mmoja! Tena vumbi linaingia kati, inabana hata usipokanyaga. Ni mzigo unaobeba ili ukucheleweshe. Ningekuwa yule aliyetoboa pedali, ningeitupa siku ya kwanza.

Nilimwambia tuitoe. Atapunguza mwendo kwa kisigino chini, ana soli ya tairi miguuni.

Akasema hapana. Akasema gari lisilosimama si gari, ni jiwe. Ni mara ya kwanza ananikatalia jambo la karakana. Kibarua kawa mhandisi.

Jumatano, 4 Julai

Nimewaona ndugu wawili wa Kihanga na gari lao. Wameweka beringi za chuma, wamezitoa kwenye mashine mbovu ya kukobolea. Gurudumu ukilisukuma kwa kidole linazunguka mpaka unachoka kulitazama. Letu na samli yetu linazunguka mara nne, linakufa.

Tutashindwa. Nimefanya hesabu kwa kila njia. Wao safari saba, sisi saba tukijitahidi, na mikungu sawa. Tukitoa breki, sisi tunawazidi mikungu saba.

Sahani nairudisha imejaa. Mama anadhani nina malaria.

Jumatano, 11 Julai

Nimemwomba tena Gaspari kwa maneno mazuri. Nimemwomba kwa maneno mabaya. Nikamwambia yeye ni mwoga na baba yake mkimbizi mwoga. Akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 13 Julai

Nimelitamka.

Tulikuwa tunafunga kamba mpya jioni, jua bado lipo. Watu wengi karakana nzima, wanapiga nyundo, wanacheka. Nikasema kwa sauti ya kawaida, munywani, toa hiyo breki, kesho ushuke bila hiyo. Aliyekuwa karibu hakusikia kitu cha ajabu. Rafiki kamwita rafiki.

Gaspari akaacha kamba. Kisha akaniambia, "Umeomba."

Akachukua koleo, akang'oa misumari mwenyewe, mmoja mmoja, akainyoosha, akanipa mkononi. Misumari ni adimu.

Ninayo hapa mezani. Minne. Najisikia vibaya na najisikia mshindi, na la pili ni kubwa zaidi.

Jumamosi, 14 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Tulianza jua linachomoza. Mimi nilisukuma gari tupu mlimani, yeye akashuka na mzigo. Nilipanga hivyo mimi. Safari ya kwanza wa Kihanga walitutangulia. Ya tatu tulikuwa sawa, ila sisi na mikungu mitatu zaidi. Alikuwa anashuka huku soli ya kulia inatoa moshi. Safari ya tano ile soli ikakatika. Akafunga majani ya mgomba mguuni, akaendelea. Nami sikuuliza.

Safari ya saba. Jua limebakiza kama upana wa kiganja. Kitovu cha gurudumu kilikuwa kinafuka, samli imekwisha. Tulihitaji kufika tu, tumeshinda. Nilikuwa nimeteremka kwa njia ya mkato wakati anafunga mzigo, nimesimama kwenye kona ya chini, namsubiri. Nikamwona anakuja kwa kasi ambayo sijawahi kuona kitu cha mbao kikienda. Haimbi.

Mama mmoja alitoka kwenye migomba na furushi la nyasi kichwani. Hakusikia. Gari la mbao halina kelele kama lori.

Gaspari alikuwa na njia mbili, mama yule au mtaro. Akachukua mtaro.

Nilikimbia. Mikungu ilikuwa imemlalia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Macho yamefunguka, ananitazama.

Naandika sasa jambo ambalo Mungu kaliona, kwa hiyo hakuna haja ya kulificha humu. Nilipofika, kwanza nilitazama gurudumu.

Lilikuwa zima.

Watu walikuja, yule mama analia, mtu kaenda kuleta machela hospitalini. Mimi nilikuwa nafunga mikungu upya. Nilipanda nikapiga goti penye damu yake. Kutoka pale ni mteremko mdogo tu mpaka karakana, breki haihitajiki. Nilifika jua linagusa mlima. Watu walipiga vigelegele.

Tumeshinda kwa mikungu minne, mitatu ilipondeka mtaroni.

Jumapili, 15 Julai

Wamemkata mguu, juu ya goti. Madaktari hawakuwa na jinsi.

Baba kamwombea kanisani, ingawa ni Mkatoliki. Kisha kanisimamisha mimi, watu wakanipa mikono. Mbunifu. Wamelishika haraka neno hilo.

Jumatano, 18 Julai

Bwana Spana ameniita. Hakucheka. Amelipindua gari, ameona matundu manne ya misumari. Akauliza breki iko wapi, nani kaitoa.

Nikasema Gaspari. Nikasema aliitoa asubuhi ya shindano bila kuniambia, anapenda kasi. Maneno yalitoka laini, bila kukwaruza popote. Bwana Spana akasema ataenda kumuuliza mwenyewe.

Alhamisi, 19 Julai

Ameenda, amerudi. Gaspari kasema ndiyo, ni yeye. Kang'oa misumari kwa mkono wake mwenyewe.

Bwana Spana kanishika bega, kaniomba radhi kwa kunishuku. Nafasi ni yangu. Safari tarehe 20 Agosti.

Namchukia Gaspari. Namchukia kwa ule uaminifu wake, kama kibarua anayerudisha hata kamba ya mwenye shamba. Angesema kweli ningejitetea. Sasa nina nini cha kujitetea?

Jumatatu, 30 Julai

Sijaenda hospitalini hata mara moja, na kutoka karakana ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Leo mama yake kanikuta njiani. Nikasema shikamoo, nikitaka kupita. Akanishika mikono yote miwili. Akanishukuru. Kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumfikia mwanawe pale mtaroni. Akanipa kikapu cha maharage mapya ya safari yangu, akasema wewe ni mtoto wangu pia.

Maharage nimeyapokea. Ningefanya nini?

Jumapili, 12 Agosti

Nimekwenda. Ilibidi, watu wameanza kuuliza.

Yuko nyumbani sasa, kwenye mkeka uani, karibu na pale mzee wake alipochora usukani. Amekonda. Tuliongea habari za kahawa na za mvua. Alitaka kujua wa Kihanga walikuwa na beringi za namna gani, nikamweleza, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Nilikaa nikisubiri alitamke lile neno. Hakulitamka. Nilipoaga akaniambia niende salama.

Njiani niliimba. Nikajisemea, amesahau, au ameogopa, au ni mjinga.

Jumamosi, 18 Agosti

Sanduku limefungwa. Mama kanishonea shati. Baba kaninunulia Biblia ndogo ya mfukoni.

Jioni Gaspari kaja mwenyewe, kwa magongo, kutoka kwao hadi kwetu, mlima mzima. Jasho linamtiririka. Nyumba yote ilikuwepo. Baba akampa kiti, mama akampa uji. Akanywa taratibu, akaufuta mdomo. Akasema mbele yao wote, kwa upole, "Munywani, keshokutwa nilikuwa na kibarua cha kuchuma kahawa kwa mzee Rwiza kule Kihanga. Nenda wewe."

Baba akacheka, akasema huyu keshokutwa anapanda gari kwenda Ulaya. Mama naye akacheka. Gaspari hakucheka, ananitazama mimi tu.

Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nikamuuliza, kibarua cha siku ngapi? Akapiga pale palipokatwa kwa kiganja, kama mtu anayepima gunia.

"Mpaka uote," kasema.

Jumatatu, 20 Agosti

Mimi si mtu wa mambo ya kale. Nimesoma darasa la saba, nimepata Kipaimara, najua tumbo linavimba kwa minyoo na kwa ini. Nilipanda lile gari la kwenda Bukoba saa kumi na mbili asubuhi, na sanduku langu, na Biblia yangu. Bwana Spana alikuja kuniaga.

Hatujafika mbali tumbo likanikamata. Likakaza kama kamba iliyoloweshwa. Nikavumilia. Likaja tena, nikatapika dirishani, abiria wanalalamika. Pengine ni maharage ya mama yake. Pengine ni hofu ya safari. Nimejiambia hivyo na naendelea kujiambia.

Nikaomba kushushwa. Nimerudi kwa miguu na sanduku kichwani, nimefika kwa mzee Rwiza saa sita mchana. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nimekuja badala ya Gaspari. Akaniangalia viatu, vipya. Akanipa kikapu.

Tumbo limeacha kuuma saa hiyohiyo. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 29 Agosti

Baba hazungumzi nami. Kaniuliza sababu mara tatu, na sababu ndiyo kitu pekee nisichoweza kumpa. Nikisema omukago atanifukuza, nikinyamaza nimerukwa na akili. Nimechagua kurukwa na akili. Mama anaficha uso kwenye kanga.

Nafasi kapewa mkubwa wa wale ndugu wa Kihanga. Bwana Spana kampa pia michoro yangu aende nayo. Michoro ya mzee wake Gaspari, niandike sawasawa. Mimi Bwana Spana hanisalimii tena. Karakana nimefunguliwa mlango nitoke.

Ujira wa kila siku nampelekea Gaspari. Anapokea, anasema asante. Haongezi kitu.

Jumatatu, 17 Septemba

Mvua za kwanza. Mzee Rwiza kaniambia nimeanza kuchuma vizuri, sivunji tena matawi. Alimaanisha sifa.

Kila tunda jekundu nikilibinya, punje mbili. Nachuma maelfu kwa siku.

Gaspari leo alikuwa anachonga kitu uani. Gurudumu dogo. Nikajitolea kumshikia mbao. Akasema si lazima, hilo hajaomba.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimepalilia shamba jingine la mzee Rwiza, kando ya barabara ya Nyabiyonza, tangu asubuhi. Udongo mzito. Jembe la Gaspari lina mpini mfupi, mgongo unauma.

Karakana sasa wametengeneza magari sita kwa mfano wa lile letu. Mawili yamepita leo na ndizi, yanateremka kuelekea Nyakahanga. Hakuna aliyenitazama. Kwenye kona ya chini, moja likapunguza mwendo, mama mmoja akavuka na ndoo yake ya maji.

Nililisikia likilia kutoka shambani. Tairi juu ya mbao. Wameirudisha breki.

Jioni nilipeleka ujira.